Mzawa wa Kokoto

Ipo nchi moja, jina lake nalihifadhi kwa sababu nina ndugu wanaokaa huko, ambayo kwa miaka mingi ilipeleka barua zake kwa kuuliza njia. Mwandishi wa barua aliandika jina la mtu, na chini yake: "karibu na mashine ya kusaga, nyumba ya mlango wa bluu, ukikosa muulize mama muuza maandazi." Barua ilifika. Ilifika imechoka kidogo, na mara nyingine mama muuza maandazi alikuwa ameshaisoma, lakini ilifika. Wananchi hawakujua kwamba wanaishi katika aibu kubwa. Walikuja kuelezwa na Waziri.

Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Luteganya, na wizara yake iliitwa Wizara ya Posta, Namba na Heshima ya Taifa. Alikwenda mkutano wa nje, hotelini akapewa fomu, na kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha postikodi. Akakosa cha kujaza. "Waheshimiwa wabunge," alisema aliporudi, "mimi, mwenye msafara wa magari kumi na moja, nimesimama mbele ya kaunta, na binti wa hoteli akanitazama kama mtu asiyetoka mahali popote." Bunge zima likainamisha vichwa kwa dakika moja. Baada ya dakika hiyo likapitisha safari ya mafunzo.

Walikwenda India, katika jiji moja kubwa lenye mitaa mingi kuliko mikoa ya nchi yao. Walikuwa watu tisa: Waziri, makatibu wanne, mpiga picha, fundi cherehani wa Waziri, na wawili ambao mpaka leo haijulikani walikuwa nani. Kwa wiki tatu wakazungushwa na mfanyakazi mmoja wa posta, bwana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Akawaonyesha jinsi kila mtaa ulivyo na tarakimu zake sita. Siku moja aliwasimamisha kwenye barabara ambayo kulia ina maghorofa ya vioo na kushoto ina vibanda vya mabati, akawaambia pande zote mbili zina postikodi moja.

Waziri aliuliza mara tatu kama hayo si makosa ya kiwanda cha uchapaji.

"Hapana, mheshimiwa," yule bwana akajibu kwa upole. "Namba haiulizi nyumba yako ina sakafu gani. Inauliza posta gani iko karibu nawe."

Jibu hilo liliandikwa kwenye ripoti ya safari, ukurasa wa arobaini, chini ya kichwa cha habari "Kasoro Zilizoonekana".

Wakarudi na kitabu. Kilikuwa kitabu cha postikodi zote za jiji lile, na Waziri alishuka nacho kwenye ndege amekinyanyua juu kama kombe. Alitangaza kwamba kazi imekwisha. Wenzetu wa India wameshahesabu, alisema, namba zipo, hazina ubaya wowote, sisi kilichobaki ni kufuta majina ya mitaa yao na kuandika ya kwetu. Wataalamu walishangilia. Hakuna aliyeuliza chochote, maana aliyeuliza swali mara ya mwisho wizarani alihamishiwa kwenye mnara wa taa.

*

Aliyepewa kazi ya kupaka wino mweupe juu ya majina ya mitaa ya watu wa India ni Nasibu Tindwa, Karani Mkuu wa Daftari. Alipewa kwa sababu ya mwandiko. Nasibu alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile, herufi zimesimama, zimenyooka, kila moja inamheshimu mwenzake. Barua za rambirambi za Waziri aliziandika yeye, na inasemekana kuna familia zilifarijika kwa herufi tu.

Kwenye faili lake, mbele ya maneno "Mahali pa Kuzaliwa", Nasibu alikuwa ameandika "Kilima cha Mabalozi". Aliandika hivyo siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu kijana aliyemtangulia kwenye foleni aliandika hivyo, na Nasibu alimwona ofisa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kalamu ikaenda yenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, na mimi nalisema hili mapema ili msije mkatafuta wa kumsingizia.

Nasibu alizaliwa Kokoto.

Kokoto ni mtaa ulio nyuma ya machimbo ya mawe. Wanawake wa huko hukaa chini ya miavuli iliyochanika, nyundo mkononi, jiwe mbele, wakiponda tangu asubuhi hadi jua linapolegea. Mama yake, Zamoyoni, aliponda pale miaka thelathini. Jengo la wizara lenyewe, ghorofa sita, zege lake lilichanganywa na kokoto za mtaa ule. Kuna siku Nasibu akipanda ngazi hulikumbuka hilo, masikio yakamwaka moto, akaharakisha asije akakutana na mtu.

Msimdhanie kuwa alimtupa mama yake. Kila Jumapili alasiri alikwenda. Gari aliliacha kituo cha mafuta, tai akaivua akaiweka chini ya kiti, akapita uchochoro wa nyuma na mfuko wa unga, sukari, na dawa ya macho. Mama akauliza habari za kazi, yeye akasema nzuri. Majirani wakiuliza mwanao yuko wapi siku hizi, Zamoyoni alijibu kwamba yuko serikalini na kazi zenyewe si za kutangazwa. Alisema kwa fahari, na majirani wakadhani ni usalama wa taifa. Nasibu aliposikia hivyo alitamani ardhi ipasuke, lakini alimaliza chai yake.

*

Kitabu kilipokwisha kupakwa wino mweupe, ikabaki kugawa namba. Hapo ndipo Waziri alipoonyesha kwamba yeye si mtu wa kuiga tu.

"Namba si pipi," alisema kwenye ukumbi wa wizara, mbele ya maofisa mia mbili. "Huwezi kupita unawarushia watu. Namba ni heshima, na heshima lazima idhaminiwe. Kwa hiyo tumetunga Sheria ya Mzawa Shahidi. Mtaa utapata postikodi endapo ofisa wa serikali, ngazi ya tano kwenda juu, atasimama hapa na kusema: mimi ni mzawa wa mtaa huu. Mtaa ambao haujatoa hata ofisa mmoja, ndugu zangu, ni nani atauandikia barua? Na atamwambia nini?"

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likadondoka darini. Sheria hiyo, kusema haki, haikuwa kali. Haikuwa na kifungo ndani yake. Aliyekuwa ameandika uongo kwenye faili angeweza kusimama, kusema "nilikosea, nimezaliwa Machinjioni", akakaa chini, na mtaa wake ukapata namba papo hapo. Adhabu pekee ni kwamba watu wangecheka.

Siku ya kwanza uliitwa mtaa wa Kilima cha Mabalozi. Walisimama maofisa mia moja na arobaini na watatu. Nasibu, mezani kwake mbele kabisa, aliwaandika mmoja baada ya mwingine mpaka vidole vikafa ganzi, na alipofika mwisho akajiandika mwenyewe. Shida ndogo ilijitokeza kwamba miaka ile waliyozaliwa kilima kizima kilikuwa na nyumba sita na zizi la farasi wa klabu ya wakoloni. Daftari lilionyesha kuwa katika mwaka mmoja walizaliwa pale maofisa thelathini na mmoja, kwa hiyo baadhi yao lazima walizaliwa zizini. Lakini ofisa mmoja alieleza kibaraza alichozaliwa, vigae vyake na maua yake, mpaka akatoa machozi, na Waziri akasema ushahidi wa namna hiyo haupingwi. Kwa wingi wa mashahidi, Kilima kikapewa postikodi ishirini na nane. Uwanja wa gofu peke yake ulipata tatu.

Siku ya pili iliitwa mitaa mingine. Machinjioni ikaitwa. Kimya. Reli ya Pili ikaitwa. Kimya. Bonde la Mboga, ambalo nusu ya ukumbi ule ilikula mchicha wake asubuhi ile, likaitwa, na kikohozi kimoja kikasikika nyuma, lakini kilikuwa kikohozi tu. Kila mtaa uliokosa shahidi, Nasibu aliufungulia ukurasa, akagonga mhuri mwekundu ulioandikwa HAPAKALIKI.

"Kokoto," Katibu akasoma.

Mkono wa Nasibu ulisimama juu ya daftari. Alijua kwamba si yeye peke yake. Safu ya tatu alikaa Bwana Shekidele, Naibu Katibu Mkuu, ambaye mama yake aliponda mawe miavuli miwili tu kutoka kwa Zamoyoni. Walikoga kwenye dimbwi moja la machimbo, hao wawili, wakaazimana kaptula. Nasibu akamtazama. Shekidele naye akamtazama, kwa muda mfupi sana, kisha akaanza kuchunguza feni ya darini.

"Hakuna mzawa wa Kokoto?" Waziri akauliza. Akamgeukia Nasibu, kwa wema kabisa, kama mtu anayetaka kumaliza kazi. "Karani, kwani huko wanaishi watu?"

"Daftari halionyeshi, mheshimiwa."

"Najua daftari halionyeshi. Wewe mwenyewe umewahi kufika?"

Sikilizeni, palikuwa na nafasi. Mtu angeweza kumeza mate mara mbili katika nafasi ile, na Nasibu alimeza mara mbili. Alifikiria ukumbi ukicheka. Alimfikiria Restituta, mpiga chapa wa meza ya pili, mtu mwema lakini mdomo wake haukai, akisimulia kantini kwamba kumbe Bwana Tindwa, na ile tai yake, ni mtoto wa mponda mawe.

"Sijawahi, mheshimiwa," akasema.

Mhuri akaugonga mwenyewe. Mchana ule Restituta alimuuliza mbona hali chakula, akasema tumbo.

*

Namba zikaanza kazi. Ili kuufungua mfumo rasmi, Waziri alijiandikia barua ya pongezi, akaitia postikodi yake mpya ya Kilima cha Mabalozi, akaitumbukiza kwenye sanduku mbele ya wapiga picha. Haikufika. Ilipita miezi mitatu, na ilipopatikana ikajulikana kwamba barua, kwa kuwa iliitii namba yake vizuri, ilikwenda India. Ilirudi na karatasi iliyobanwa kwa pini: "Mpokeaji hafahamiki katika mtaa huu. Tumeuliza nyumba kwa nyumba, maghorofani na vibandani. Tunasikitika na tutaendelea kuulizia." Waziri aliisoma kwa wanahabari kama ushahidi kwamba sasa taifa linajulikana duniani. Nasibu, aliyepewa aihifadhi kwenye faili, aliisoma mara nne peke yake. Nyumba kwa nyumba, walisema. Kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Kwa waliokuwepo, mambo yalikwenda kwa utaratibu. Postikodi ilianza kutakiwa shuleni, kisha kwenye bomba la maji, kisha hospitali. Watu wa mitaa ya mhuri mwekundu walipojieleza kwamba wanaumwa, waliambiwa kwa adabu kwamba haiwezekani kuugulia mahali pasipokaliki. Mzee mmoja wa Machinjioni alifariki, na ndugu zake walizungushwa wiki nzima kutafuta kibali cha kuzika, kwa kuwa wizara ilitaka kwanza kuthibitishiwa kwamba aliwahi kuishi.

Jumapili moja Nasibu alimkuta mama yake ameketi ndani, amefunga jicho la kushoto kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Umepatwa na nini?"

"Marahaba, baba. Kijiwe tu kimeniruka. Kaa, chai iko tayari."

"Kimeruka lini?"

"Siku nyingi kidogo." Akamimina chai bila kumwaga, kwa mazoea. "Nilikwenda hospitali, yule daktari mdogo akanipenda, akasema mama hili tukilifanyia upasuaji mwezi huu linapona. Likichelewa linakufa, na la pili linaweza kulifuata. Sasa akaja yule wa dirishani akasema nitaje namba ya mtaa. Nikamwambia sisi hatuna. Akasema basi sisi hatupo." Akacheka kidogo. "Baba, wewe si uko huko huko kwenye mambo ya namba? Hebu tuulizie. Si mimi tu, Kokoto yote inahangaika."

"Nitaulizia, mama."

"Usijitie matatani lakini."

Alikaa pale na kikombe mkononi, chai ikapoa. Angeweza kumwandikisha kwa anwani yake mwenyewe. Alishaichukua fomu, ilikuwa droo ya pili ofisini, na alishaijaza mpaka mahali paliposema "Mahali alipozaliwa mama wa mwombaji" na "Kazi ya mama wa mwombaji", na fomu hiyo ilikuwa inapitia meza ya Restituta. Usingizi ulikuwa unamkimbia siku hizo. Alijiambia atafanya wiki ijayo, na wiki ijayo ikafika, naye akajiambia hivyo hivyo.

*

Sheria iliacha mlango mmoja, ambao uliitwa Siku ya Rufaa. Mitaa iliyokosa namba iliruhusiwa kuleta msemaji mmoja, aingie ukumbini, atazame maofisa wote, na kama atamtambua mtoto wa mtaa wake amtaje. Waziri alisema hii ni demokrasia ya juu kabisa. Maofisa hawakulipenda wazo hilo, na asubuhi ile wengi walifika wamevaa miwani ya jua.

Kokoto walimchagua Zamoyoni. Walisema yeye ana mwana serikalini, kazi za siri, huenda akajua pa kuanzia.

Nasibu alimwona akiingia mlangoni. Alikuwa amevaa kanga mpya na viatu vya kuazima vilivyompwaya, na kitambaa cha jicho alikuwa amekifua kikawa cheupe. Alipita katikati ya safu za maofisa mia mbili bila kuharakisha. Utaratibu ulitaka msemaji aanzie mezani kwa karani, ataje jina.

Hapo Nasibu akapata tabu ndogo ambayo sheria haikuiwaza. Mbele yake amesimama mwanamke mtu mzima, na nchi ile, pamoja na vituko vyake vyote, bado mdogo humwamkia mkubwa. Kila mtu alimsubiri amwamkie.

"Shikamoo, mama," akasema. Ni maneno yale yale ya kila Jumapili, na ukumbini hakuna aliyeyashangaa, kwa sababu kila mwanamke wa umri ule ni mama.

Zamoyoni alimtazama kwa jicho moja. Akaitazama tai. Akalitazama daftari, na kibao cha shaba kilichoandikwa N. TINDWA, KARANI MKUU, ambacho hakuweza kukisoma, na mhuri mwekundu kando yake. Nasibu aliona jinsi alivyoelewa. Alielewa polepole, kitu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

"Marahaba, bwana," akajibu.

Bwana. Hakumwambia baba.

"Mama," Waziri alianza kwa sauti ya redio, "serikali yako inakusikiliza. Tazama ukumbi huu. Je, unaye mtoto humu, ngazi ya tano kwenda juu? Mtaje mmoja tu, na mtaa wako wote unapata namba leo. Maji, shule, hospitali, vyote."

Zamoyoni akageuka akautazama ukumbi. Bwana Shekidele aliangusha kalamu akainama kuitafuta, na hakuinuka tena. Mama akarudisha uso kwa karani. Alisubiri, na Nasibu alijua vizuri anachosubiri. Ndivyo alivyokuwa akimsubiri zamani akivunja kitu nyumbani: alisimama tu mlangoni, kimya, amwachie aseme mwenyewe. Na Nasibu mdogo alikuwa akisema. Kila mara alisema.

Nasibu mkubwa alikuwa ameshika kalamu. Aliona miguu yake ikitaka kusimama. Niamini, ilitaka. Nyuma yake Restituta alijisogeza kwenye kiti apate kuona vizuri, kiti kikalia, na Nasibu akakaza makalio kwenye kiti chake akakaa.

Zamoyoni akashusha pumzi.

"Nilikuwa naye mmoja, mheshimiwa," akasema. "Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Lakini alizaliwa Kokoto, na nyinyi mmeandika Kokoto hapakaliki. Basi na yeye atakuwa hayupo. Sitaki kusumbua watu."

Ukumbi ulicheka, kwa upole, jinsi watu wanavyomcheka bibi mcheshi. Waziri naye alicheka, akasema bibi ana hoja ya kisheria.

"Karani, andika: Msemaji wa Kokoto hana mtoto."

Nasibu akaandika. Herufi zilisimama, zikanyooka. Wengine wanasema ni ukurasa mzuri kuliko yote katika daftari lile.

"Sasa atie dole gumba."

Ilibidi amshike mkono. Akauchukua juu ya meza, ule mkono mzito, akalikandamiza dole kwenye pedi ya wino, akaliweka kwenye karatasi. Ikatoka doa tu. Akajaribu tena, pembeni, na tena. Doa jeusi, laini, halina mstari hata mmoja. Miaka thelathini ya mawe ilikuwa imeisugua ngozi ile ikaisha. Nasibu aliyajua mawe hayo, na aliyajua yalikwenda wapi: yalikwenda kwenye sare ya shule, na kwenye madaftari ya mistari miwili ambayo alijifunzia kuandika.

"Halisomeki, mheshimiwa," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Waziri alifurahi, kwani lilikuwa jambo alilokwisha kulifikiria. "Kanuni ya kumi na saba. Shahidi asiye na dole linalosomeka, karani atatia la kwake kwa niaba. Endelea."

Nasibu akatia dole lake kwenye wino, akalikandamiza chini ya maneno aliyoandika. Mama yake alitazama mpaka alipomaliza. Ndipo akafanya kitu bila kufikiri, nadhani, maana mikono ya mama haifikiri. Akakishika kile kidole chenye wino, akakifuta kwa upindo wa kanga yake mpya, akazunguka na ukucha vizuri, mpaka kikatakata. Kisha akauachia mkono, akaaga ukumbi, akatoka na viatu vyake vya kuazima.

"Bibi mwenye adabu yule," Restituta akasema kantini. "Ungedhani anakujua."

"Hanijui," Nasibu akasema.

Jumapili ile hakwenda, wala iliyofuata. Ya tatu alifika mpaka kituo cha mafuta, akakaa ndani ya gari na unga na sukari na dawa ya macho, tai bado iko shingoni. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa. Alisikia hivyo kwa muuza mafuta, ambaye naye alikuwa akishangaa ni kwa nini bibi mwenye mwana mkubwa serikalini amekosa mtu wa kumsemea. Nasibu aligeuza gari akarudi mjini.

Ukifika nchi hiyo, na ukiwa na postikodi, watakuonyesha daftari lenyewe. Limewekwa kwenye kabati la kioo chini ya ngazi za wizara, kwa ajili ya wageni. Ukurasa wa Kokoto upo wazi. Pameandikwa kwa mwandiko mzuri kwamba mama huyu hana mtoto, na chini yake pana dole safi sana, mistari yake yote inasomeka, kwa kuwa mwenye dole hilo hajawahi kuponda jiwe.